Gemu Ndani ya Kisanduku cha Sabuni

Kila likizo ya Desemba inapobisha hodi, jumbe zinazotufikia kutoka kwa kina mama huwa na swali moja linalorudi kwa sura mbalimbali. Mtoto ametekwa na simu. Akipewa, haiachi hadi chaji iishe. Akinyimwa, hununa na kususia chakula. Na akiruhusiwa kwenda kwenye vibanda vya gemu vya mtaani, mzazi hajui amekaa na nani, anatazama nini, wala pesa za kulipia saa nzima amezitoa wapi. Hata gemu za simu zinazoitwa za bure si za bure. Mtoto hucheza dakika mbili, kisha hukatizwa na tangazo. Na mara nyingine tangazo lenyewe ni la kamari, au ni la kumrai anunue sarafu za kubuni kwa pesa za M-Pesa zilizo za kweli kabisa. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya kimataifa ya maradhi, orodha iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Haya tumeyaandika mara nyingi, na hatuna haja ya kuyarudia.

Wiki hii tumekuja na kazi ya mikono. Tunataka kueleza namna ya kuunda nyumbani mashine ndogo ya gemu, ya kushikwa mkononi, inayocheza michezo ya mtindo wa miaka ya themanini na tisini. Isiyo na tangazo, isiyo na duka ndani yake, wala isiyohitaji intaneti inapochezwa. Moyo wake ni tarakilishi iliyo ndogo kuliko kadi ya benki. Gamba lake laweza kuwa kisanduku cha sabuni. Tuliifuatilia kazi hii katika nyumba moja ya mtaa wa Tudor, Mombasa, ambako mama, bintiye wa miaka 13 na mwanawe wa kiume wa miaka 9 waliifanya katika likizo ya Agosti kwa Jumamosi nne, kila mara watoto wakirudi chuoni, wakisaidiwa na mjomba aliye fundi wa redio. Wenyewe wametuomba tusiwataje majina.

Tuanze na zile gemu zenyewe, maana si watoto peke yao wanaozitamani. Wengi wetu tuliokuwa wadogo miaka ya tisini twaikumbuka mashine ya plastiki iliyounganishwa na runinga, na kaseti zake za manjano zilizopulizwa vumbi kwa mdomo kabla ya kuchomekwa. Wachache walijua kwamba mashine ile ilikuwa nakala ya nyingine, Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Twaikumbuka pia ile ndogo ya mkononi yenye matofali yanayoanguka, ambayo nayo ilikuwa mjukuu wa Tetris, mchezo uliobuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtumishi wa Chuo cha Sayansi cha Usovieti, kwenye tarakilishi isiyoweza hata kuchora picha. Matofali yale aliyachora kwa alama za mabano.

Lakini mashine inayoigwa na mafundi wengi wa nyumbani ni Game Boy, na kisa chake chastahili kusimuliwa kwa watoto. Nintendo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata (ndiyo, karata, wasomaji wetu watuvumilie). Mwaka 1965 ilimwajiri kijana aitwaye Gunpei Yokoi awe mtunza mitambo ya kiwandani. Kazi ilipokuwa chache, Yokoi alijiundia mkono wa kukunjuka na kukunjika wa kushikia vitu vilivyo mbali. Mkuu wa kampuni aliuona. Badala ya kumkaripia kwa kupoteza muda, alimwambia augeuze kuwa bidhaa, na mwaka 1966 mkono ule uliuzwa kwa wingi mno. Miaka ilipita. Siku moja, akiwa ndani ya treni, Yokoi alimwona msafiri akiondoa uchovu kwa kubonyezabonyeza kikokotoo chake, na wazo la gemu ndogo ya mfukoni likamjia. Gemu hizo za kwanza zilitoka mwaka 1980. Mwaka 1982, kwa ajili ya mojawapo, ndipo kilipobuniwa kitufe cha umbo la msalaba kinachoelekeza juu, chini, kushoto na kulia, ambacho hadi leo mtoto yeyote ashikaye gemu hukibonyeza kwa kidole gumba cha kushoto.

Game Boy ilianza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989. Yokoi alikuwa na msimamo ambao sisi twaupenda: alitaka kutumia teknolojia iliyozeeka, ile ambayo bei yake imeshuka na kasoro zake zinajulikana, kisha aifikirie upya kwa kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka uleule Atari walitoa Lynx, mashine yenye skrini ya rangi iliyokula betri 6 kwa saa chache. Game Boy haikuwa na rangi. Ilikuwa na vivuli vinne tu vya kijani na kijivu, nukta 160 kwa 144, bila taa ya nyuma, na ilidumu kwa betri 4 kwa zaidi ya saa 10. Waliicheka. Ikiunganishwa na ndugu yake ya rangi iliyokuja baadaye, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Tarakilishi iliyotumiwa katika nyumba ya Tudor nayo ina nasaba yake. Huko Cambridge, Uingereza, Eben Upton na wenzake waliona kwamba vijana wanaoomba kusomea tarakilishi chuo kikuu wanapungua, na waliokuja hawakuwa na uzoefu wa wale wa miaka ya themanini ambao walikulia na mashine za nyumbani za kuandikia programu. Waliamini kwamba tarakilishi za kisasa zimekuwa ghali na zimefungwa mno. Mzazi hamruhusu mtoto kuichokonoa mashine ya familia. Basi wakaanzisha shirika la hisani mwaka 2009, na tarehe 29 Februari 2012 wakaanza kuuza Raspberry Pi, kibao kimoja kilicho uchi, kwa dola 35. Mwishoni mwa Novemba 2015 wakatoa Zero, iliyouzwa kwa dola 5, na nakala zake zikabandikwa kwenye jalada la gazeti lao na kupewa wasomaji bila malipo. Sisi tunaochapisha gazeti tuliposoma hayo tulitikisa vichwa kwa wivu.

Zero ina urefu wa milimita 65 na upana wa 30. Aina iliyofuata mwaka 2017, Zero W, iliongezewa uwezo wa Wi-Fi na ikauzwa dola 10. Na mwaka 2021 ikaja Zero 2 W kwa dola 15, yenye nguvu zaidi. Hizo zilikuwa bei za kwao zilipotolewa. Ukiongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, hapa kwetu utalipa zaidi, kwa hivyo ulizeni kwanza kwa wauzaji wawili watatu kabla ya kutoa pesa. Familia tuliyoitembelea ilinunua Zero W, kwa kuwa kwa gemu za Game Boy na Famicom hiyo yatosha na kubaki.

Yatosha vipi? Hapa ndipo watoto walipouliza swali ambalo watu wazima hulipita. Gemu ya Game Boy iliandikwa kwa ajili ya ubongo wa Game Boy. Tarakilishi nyingine haielewi amri zake, kama vile mtu wa Vanga asivyoelewa Kijapani. Panahitajika mkalimani. Mkalimani huyo ni programu iitwayo emuleta. Yeye husoma amri moja ya mashine ya zamani, hujiuliza ubongo ule ungefanya nini, akalifanya hilo kwa lugha ya tarakilishi mpya, kisha akaenda kwenye amri inayofuata, mamilioni ya mara kwa sekunde. Kazi hiyo ni nzito, na mkalimani huwa lazima awe na kasi kubwa kuliko anayemfasiria. Ubongo wa Game Boy ulipiga mapigo takriban milioni 4 kwa sekunde. Wa Zero W hupiga milioni 1,000. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ya Game Boy ilikuwa kilobaiti 8. Ya Zero W ni megabaiti 512, yaani mara 65,536. Kaseti nzima ya Tetris ya Game Boy ilikuwa kilobaiti 32. Picha moja uliyotumiwa asubuhi ya leo kwenye simu, ya maua na salamu za Ijumaa, aghalabu ni kubwa kuliko gemu ile nzima.

Tuje kwenye kazi. Vifaa vyenyewe si vingi: tarakilishi, kadi ndogo ya kumbukumbu ya gigabaiti 16, skrini ya inchi 2.8, vitufe vinane vidogo vya kubonyeza, betri ya lithiamu ya volti 3.7 yenye kinga ndani yake, kibao cha kuchajia betri na kuipandisha hadi volti 5, swichi, na nyaya nyembamba. Vyombo ni pasi ya kulehemu, mita ya kupimia umeme, kekee na tupa. Mwenye kuogopa kulehemu pini 40 zilizosongamana anaweza kununua Zero WH, ambayo ni ileile ila pini zake zimekwisha kutiwa kiwandani.

Jumamosi ya kwanza haikugusa umeme. Kwenye tarakilishi ya mapajani ya mjomba walipakua RetroPie, mkusanyiko wa programu za bure unaojumuisha mifumo ya kuendeshea na emuleta nyingi kwa pamoja, wakauandika kwenye kadi, wakaichomeka Zero kwenye runinga ya ukumbini na kuiwasha. Tunapendekeza kila mtu aanze hivyo. Ukijua kwamba tarakilishi na kadi ni nzima, basi likitokea la kutokea baadaye utajua kosa liko kwenye nyaya.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya kulehemu, nasi tulifika tukakuta dirisha liko wazi na feni inapuliza moshi nje. Ncha ya pasi hufika joto la takriban nyuzi 350, kwa hivyo mtoto hakai nayo peke yake hata kwa dakika moja. Na kwa kuwa risasi ya kulehemu ya kawaida ina madini ya risasi yenye sumu, ni bora kutafuta ile isiyo nayo, na kwa vyovyote mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa mkate. Mjomba alidhani binti ataogopa. Hakumjua mpwa wake. Mama yake hushona kofia za viua, na binti amekua akimsaidia. Mkono uliozoea kuzungushia uzi kitundu kilicho kidogo kama mbegu ya papai hautetemeki mbele ya pini. Jirani mmoja aliyepita alisema kazi hiyo ni ya wanaume. Mama alimkaribisha chai na hakumjibu.

Namna vitufe vinavyofanya kazi ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Kila kitufe kina miguu. Mguu mmoja huunganishwa na pini yake peke yake kwenye tarakilishi, na mwingine huunganishwa na waya mmoja wa pamoja uitwao ardhi. Kitufe kikibonyezwa, pini hugusana na ardhi, na programu ndogo huigeuza hali hiyo kuwa kana kwamba mtu amebonyeza herufi ya kibodi. Vinne ni vya mwelekeo, viwili ni vya A na B, na viwili vya kuanzia na kuchagua. Nyaya tisa, basi. Mdogo wake ndiye aliyezipaka rangi za kucha kila moja alama yake ili zisichanganyike, na rangi hiyo ilikuwa ya dada yake, jambo lililoleta mzozo mfupi.

Skrini ndiyo iliyowatesa. Walipoiunganisha na kuwasha, ilitoa mwanga mweupe mtupu. Wakazima, wakawasha, nyeupe. Wiki nzima ikapita hivyo, na mtoto wa kiume akaanza kuuliza kama pesa zitarudishwa. Kwa faida ya atakayekutana na hali hii: weupe mtupu maana yake ni kwamba taa ya nyuma inapata umeme, ila habari za picha hazifiki, aidha kwa sababu programu ya skrini haikuwekwa sawasawa kwenye kadi, au waya mmoja wa habari haushiki. Binti alichukua mita, akaiweka kwenye alama ya mlio, akagusisha ncha moja huku na nyingine kule, waya baada ya waya. Wa kwanza ukalia. Wa pili ukalia. Wa tano ukanyamaza. Kwa macho ulionekana mzima, lakini risasi ilikuwa imekaa juu ya pini kama tone la nta, haikuyeyuka ikashikamana nayo. Mafundi huuita muungano huo lehemu baridi. Aliupasha moto upya kwa sekunde mbili. Walipowasha, maandishi madogo yakaanza kuteremka kwenye skrini, na kelele zilizopigwa zilimleta jirani yule tena mlangoni.

Kuhusu betri tutasema zaidi kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye hatari. Betri ya lithiamu ikiunganishwa kinyume, ikitobolewa au ikichajiwa na kisichokuwa chaja yake, huweza kuvimba na kuwaka. Wauzaji mbalimbali hutumia kichomeko cha umbo moja huku nyaya nyekundu na nyeusi zikiwa zimebadilishana nafasi, kwa hivyo usiamini umbo. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Betri iliyovimba haitumiki tena, hata kama inashika chaji. Wao walichukua ya miliampia-saa 2,000. Kwa hesabu, hiyo ni takriban wati-saa 7.4, mashine na skrini yake hutumia kama wati moja na nusu, ukitoa kinachopotea katika kupandisha volti, zinabaki saa nne hivi za kucheza. Mama aliposikia saa nne alisema ni nyingi, na angependelea betri ndogo zaidi.

Sauti waliiacha kabisa. Zero haina tundu la spika za masikioni. Sauti yake huchukuliwa kutoka kwenye pini na kupitishwa kwenye kikuza sauti kidogo, na aghalabu huja na mvumo wa nzi. Yawezekana, lakini ni kazi ya ziada, na katika nyumba yenye mtoto mchanga jirani, ukimya ni neema.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya kisanduku. Cha sabuni kilitobolewa kwa kekee, dirisha la skrini likakatwa kwa msumeno mdogo na kulainishwa kwa tupa. Kinaonekana kama kisanduku cha sabuni, hatutadanganya. Sisi tungeliifanya ya mbao. Pwani yetu haijapungukiwa na maseremala, na kipande cha mvule kilichopigwa msasa vizuri kingelikaa mkononi kwa utamu wake. Ila mbao au plastiki, hewa yetu ya chumvi haina huruma. Miguu ya vitufe na vichomeko hushika kutu mapema mijini mwetu kuliko bara, basi mashine isiachwe dirishani usiku, na ikiwekwa kabatini ikae pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Jambo jingine la kuwafunza watoto ni kuizima. Hii ni tarakilishi, si tochi. Ukikata umeme ghafla inapokuwa ikiandika kwenye kadi, kadi huweza kuharibika na kazi yote ya Jumamosi ya kwanza ikarudiwa. Huamriwa kwanza kujifunga, ikimaliza ndipo swichi hukatwa.

Mashine ilikamilika. Hapo likazuka suala ambalo halikuwamo katika mpango wao, na ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko betri na lehemu: watacheza nini?

Emuleta huja tupu. RetroPie haina gemu za kampuni ndani yake, na kwa sababu nzuri. Rafiki wa mtoto wa kiume alimletea diski ndogo ya kuchomeka iliyojaa maelfu ya gemu za zamani, zilizonakiliwa kutoka huku na huko. Zote za bure. Mtoto aliruka kwa furaha, mama akasita. Mjomba alimwambia kwamba gemu hizo zina miaka thelathini na zaidi, kampuni imekwisha kula faida yake, na kila mtu hufanya hivyo. Mama akamjibu, "Ndugu yangu, mimi nikishona kofia miezi mitatu, kisha mtu akaipiga picha akaenda kuichapisha kwa mashine, nawe utaniambia kila mtu hufanya hivyo?"

Hoja ya mjomba si ya kupuuzwa, na wengi wana fikra hiyo, kwa hivyo tulilitazama suala hili kwa makini. Emuleta yenyewe haina tatizo. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika kesi ya Sony dhidi ya kampuni ya Connectix, ilikataa dai kwamba kuunda emuleta ni kuvunja hakimiliki. Lakini gemu ni mali nyingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huzihesabu programu za tarakilishi miongoni mwa maandishi yanayolindwa, na gemu ya mwaka 1989 haijatoka katika ulinzi huo kwa kuwa tu duka halina tena kaseti yake. Upande wa fiqhi nao hauko kimya. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, lilipitisha katika azimio nambari 43 kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na jina la biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya kimali inayozingatiwa, na haijuzu kuzivamia. Kwa swali la mtu na hali yake maalumu, aulizwe mwanachuoni anayemwamini. Sisi tunataja yaliyoandikwa.

Mama aliirudisha diski. Mtoto alilia, na siku mbili hakuitazama mashine aliyoipaka nyaya zake rangi. Tunalisema hili kwa sababu makala kama hizi hupenda kuonyesha kwamba uamuzi mwema hupokewa kwa tabasamu. Haukupokewa hivyo.

Kilichookoa ni kwamba wapo watu duniani ambao hadi leo huandika gemu mpya kwa ajili ya mashine za zamani, kisha huzitoa kwa ruhusa ya wazi ya kunakiliwa. Ipo Tobu Tobu Girl ya mwaka 2017, ya msichana anayeruka angani akimwandama paka wake. Ipo µCity, ya kujenga mji kwa kupanga barabara, nyumba na mitambo ya umeme, na ambayo msimbo wake wote uko wazi kwa anayetaka kusoma. Ya kwanza ni ya Game Boy, ya pili ni ya ndugu yake ya rangi, na zote mbili zilienda barabara kwenye kisanduku cha sabuni. Mtoto wa kiume sasa ana mji wenye msongamano wa magari usioisha, na analalamika juu ya barabara zake kama abiria wa Nyali saa ya jioni.

Utaratibu wa saa mama aliuweka mapema, kabla ya mashine kuwaka: dakika arubaini kwa siku baada ya alasiri, kila mmoja kwa zamu, na adhana ya magharibi ndiyo kengele. Adui wake mkubwa hakuwa watoto. Ilikuwa mjomba, ambaye alizoea kuja kuangalia kama lehemu bado zimeshika, akakaa sana.

Binti naye amegeukia jambo jingine. Kuna programu ya bure iitwayo GB Studio, iliyotolewa na Chris Maltby mwaka 2019, ambayo humwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kuunda gemu ya Game Boy kwa kuchora picha na kupanga matukio kama mtu anayepanga picha za hadithi. Hufanyika kwenye tarakilishi ya kawaida, kisha faili linalotoka huhamishiwa kwenye mashine ya mkononi. Anatumia ile ya mjomba wake siku anapokuja. Gemu yake ni ya msichana aliyetumwa na mamake kupeleka sinia za sambusa nyumba kwa nyumba katika vichochoro vya Mji wa Kale kabla ya adhana ya magharibi, mwezi wa Ramadhani, huku paka wa mtaa wakimnyemelea. Akigongana na paka, sambusa moja hupotea. Milango ameichora yenye nakshi, kwa vivuli vinne tu, na tulipoiona tuliitambua mara moja kuwa ni milango yetu.

Alituonyesha hatua ya pili, ambayo bado haijakaa sawa. Paka mmoja anapita katikati ya ukuta na kumsubiri msichana upande wa pili, kwa hivyo hakuna aliyewahi kufika nyumba ya tatu na sinia iliyojaa. Mdogo wake anataka paka huyo aachwe vivyo hivyo.